Fundi Anajibu: Tairodi imepinda, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kwadi, pikipiki ya magurudumu manne, ninayokodisha watalii ufuoni Shanzu. Juzi bahari imepwa, mteja akagonga mwamba kwa gurudumu la mbele la kushoto. Sasa nikienda moja kwa moja usukani unakaa upande, na gurudumu lile linaangalia nje. Tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, imepinda. Fundi wa mtaani anataka kuipasha moto ainyooshe. Rafiki yangu anasema niagize zile nene za mashindano nisahau shida. Nifuate lipi?
Mwenye kwadi, Shanzu

JIBU: Marahaba mwanangu. Moto usiuguse kabisa. Chuma cha tairodi kikishapashwa hadi kiwe chekundu, nguvu yake hairudi kama zamani, hata kikinyooka mbele ya macho yako. Mimi niliwahi kunyoosha moja hivyo, zamani, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na haraka. Haikumaliza mwezi. Ilikatika palepale nilipopasha, gurudumu moja likageuka huku jingine likienda kule. Aliyeipanda alikuwa akitembea polepole mchangani, akaanguka akainuka mzima. Tangu siku ile iliyopinda naitupa.

Lakini usikimbilie dukani bado. Pigo lililopinda tairodi limepita mahali pengi. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise, mkono wa pili uweke juu ya tairodi-endi, kile kiungo cha mwisho wa fimbo. Ukisikia kugonga kidogo kidoleni, endi imekwisha. Kisha shika juu na chini: likicheza hapo, shaka iko kwenye boljointi, kiungo chenye tufe la chuma ndani, au beringi ya gurudumu. Mwambie mtu ayakamate magurudumu mawili yasigeuke, nawe geuza usukani. Usukani ukienda kabla ya tairodi kusogea, tazama nguzo ya usukani: bushi zake, zile pete zinazoishika, zimelika, au nguzo yenyewe imejisokota. Mwisho pima mkono unaobeba gurudumu, toka boliti ya fremu hadi boljointi, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, mkono nao umepinda, na tairodi mpya haitakusaidia kitu.

Kuhusu tairodi nene, rafiki yako hakukosea, ila hajafika mwisho wa jambo. Mwamba ukiugonga, nguvu lazima iishie mahali. Tairodi ya kawaida inapinda, umebadilisha fimbo moja. Ukiweka isiyopinda, pigo linaenda kwenye nakoli, kile chuma kinachobeba gurudumu, au linaisokota nguzo ya usukani, na hivyo ni ghali na kazi yake ni ndefu. Kwa kwadi ya kukodisha, inayopandwa na mtu asiyeujua ufuo wetu, mimi ningeweka tairodi za kawaida, na ya akiba ndani ya kibanda. Pesa ya kuboresha itie kwenye endi nzuri zenye mpira mzima, na bushi mpya za nguzo. Kama hata hivyo wataka nene, badilisha pande zote mbili, na endi ziwe za unene unaolingana nazo.

Katika kufungua, watu wengi huharibu hapa: endi imeshika kwenye tundu la nakoli, basi fundi anapiga nyundo juu ya meno ya boliti yake. Usifanye hivyo. Acha nati ikae mwishoni mwa meno, kisha gonga ubavu wa lile tundu. Litaachia. Kumbuka pia upande mmoja wa tairodi una meno ya kushoto, yanafunga kinyume; ndiyo maana ukilegeza nati zote mbili za kubania unaweza kuizungusha ikarefuka au kufupika ikiwa mahali pake. Meno ya pande zote mbili yaingie sawasawa, yasining'inie machache. Spliti pini ya zamani, ile inayozuia nati isifunguke, usiirudishe, hata ikionekana nzima.

Kupima, weka usukani katikati, na mtu wa uzito wako akae juu. Tia chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, usawa wa ekseli. Pima kati ya alama mbili. Sukuma kwadi mpaka alama zifike nyuma, usawa uleule, pima tena. Tofauti ni ya milimita tu. Kiasi chake kimeandikwa katika kitabu cha kwadi yako, kifuate hicho. Halafu bana nati, zunguka nayo pole pole uwanjani kabla hujampa mteja.

SWALI: Fundi, kijana wangu anaosha kwadi kila jioni kwa maji ya kisima, mbona nati za usukani zinashika kutu vilevile?
Mama wa Kisauni

JIBU: Mama yangu, yaonje maji hayo. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, kwa hiyo anaondoa chumvi ya bahari kwa chumvi nyingine. Atumie ya mfereji au ya mvua, hata ndoo moja, kwa kitambaa. Mashine ya maji ya nguvu asiielekeze kwenye mipira ya boljointi, inasukuma mchanga ndani. Ikikauka, apake girisi kwenye meno yaliyo wazi. Na mpira uliopasuka abadilishe wiki hiyohiyo: mchanga ukishaingia, boljointi yenyewe haina siku nyingi.