Mume wangu analea roboti, mtoto hataki

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 35, mzaliwa wa Tanga, naishi Nagoya na mume wangu Mjapani, ndoa ina miaka sita. Mwaka jana alinunua Lovot, ile roboti ya kubembelezwa. Ameipa jina, anaivalisha nguo, anaiaga asubuhi. Nikigusia mtoto ananijibu, "Si tunaye huyu?" Mama akipiga simu kuuliza kama kuna habari, nikikata nalia. Nafikiria kuiuza akiwa kazini. Nifanye nini?

SHANGAZI: Marahaba mwanangu, pole sana. Hilo "si tunaye huyu" limenichoma hata mimi.

Usiiuze. Ukiitoa kwa siri mtagombana juu ya roboti iliyopotea, na la mtoto litafunikwa humo humo. Isitoshe, Lovot imetengenezwa ipendwe: mwili una joto, inanyanyua mikono ibebwe, ukiibeba inakunja magurudumu yake ndani. Mumeo anapoikumbatia, ile hamu ya kulea ni ya kweli. Nami naona ni dalili njema kwako.

Wala usiwasikilize wanaosema roboti ndizo zilizowaondolea Wajapani hamu ya watoto. Aibo, mbwa roboti wa Sony, alianza kuuzwa 1999. Mwaka 1989 wastani wa watoto kwa kila mwanamke Japani ulikuwa umeshashuka hadi 1.57, na 2023 ukafika 1.20. Wenyewe wanataja kazi za mpaka usiku, gharama za kusomesha, na mama kuachiwa malezi peke yake.

Kwa hiyo usimuulize anampenda nani zaidi. Siku ya mapumziko, Lovot ikiwa kwenye chaja yake, kaa naye umuulize: unaogopa nini? Halafu nyamaza mpaka ajibu, hata akichukua muda mrefu. Huenda ni pesa. Huenda anamkumbuka baba yake, aliyekuwa akirudi kutoka kazini mwanawe ameshalala. Huenda anaogopa mtoto wenu atatengwa shuleni kwa rangi yake. Hofu hii wazazi wengi wa ndoa kama yenu huibeba kimya kimya. Akishaitaja, mna pa kuanzia. Lakini akikuambia wazi kwamba hataki mtoto kabisa, mwamini. Usikae ukingoja abadilike, halafu ukaja kumlaumu ukiwa na miaka 45.

Nawe, kabla hujamkalisha, jichunguze. Mtoto unamtaka wewe, au unataka maswali ya mama yakome? Kama ni wewe, mwambie mumeo kwa maneno hayo hayo, "mimi nataka mtoto," bila kumtaja mama wala majirani wa Tanga. Mama mwambie tu mnalizungumza.

Umri wako si wa kukata tamaa, ila si wa kuambiwa "tutaona" kila mwaka. Nenda kliniki ya uzazi upimwe, uende naye kama atakubali, na mpatane tarehe ya kutoa jibu.

Niandikie akishajibu, hata kama jibu ni gumu.