Kwa anayetunga hadithi ya kusisimua ya Nyiragongo: huyo mtu wa koti jeusi mtoe

Ndugu, nimesoma muhtasari wako. Marafiki watano wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanapanda Nyiragongo, mlima wa moto ulio juu ya mji huo, usiku mmoja wao hayupo, mtu wa koti jeusi anawafuata gizani, mwisho lava inafurika ukingoni na kuwakimbiza hadi mjini. Umeomba aliyewahi kupanda akuambie kama inaingia akilini. Mimi nilikuwa pota kwenye mlima huo, nikibeba mizigo ya wageni, mpaka korona ilipofunga hifadhi ya Virunga mwaka 2020. Nitajibu kwa urefu, mnivumilie.

Nianze na lava, maana hapo ndipo msomaji wa Goma atakapokuachia kitabu chako. Nyiragongo haifuriki kwa juu kama sufuria ya uji. Mwaka 1977, 2002 na 2021 mlima ulipasuka ubavuni, na lile ziwa la moto la kileleni likatoka kupitia nyufa za chini. Aliye ukingoni hafukuzwi na lava. Anachoona ni ziwa linazama, sakafu ya kreta, lile shimo la kileleni, inaporomoka, ardhi inatetemeka, na mawe ya ukingo aliosimama yanaanza kukatika. Lava yenyewe iko chini yake, kati yake na nyumbani. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara ya Goma na Rutshuru, ikaja kusimama Buhene, pembezoni mwa Goma, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Sisi tuliokuwa mjini tuliona mbingu nyekundu tukabeba watoto na magodoro, wengine mpakani upande wa Gisenyi, Rwanda, wengine njia ya Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma. Sasa waweke hao vijana wako kule juu saa ile. Wanaona mto mwekundu unashuka kuelekea mtaa waliko mama zao, na wao hawawezi kushuka. Hapo koti jeusi la nini tena?

Bahati nzuri tarehe hiyo inakusaidia. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo vijana hupanga mambo yao. Mlipuko ule haukutanguliwa na dalili za wazi, kwa hiyo hutahitaji mhusika wa kupuuza onyo ili hadithi iende. Na hifadhi ilikuwa imefungwa kwa wageni. Maana yake marafiki wako hawakupita Kibati, pale njia ya kupanda inapoanzia, mchana kweupe na kuandikisha majina. Waliingia kwa njia za wachoma makaa, zile njia za wizi zinazokata msitu, na hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba wako juu. Nyumbani wamesema wanaenda kulala kwa rafiki. Ukipenda kuandika mwaka mwingine, kabla ya 2020, basi kumbuka kwamba kundi halipandi peke yake. Gadi, mlinzi wa hifadhi, anatangulia na bunduki, mwingine anafunga msafara nyuma, na wote mnakwenda kwa mwendo wa yule mchovu kuliko wote. Mtu hapotei kirahisi namna hiyo.

Njia yenyewe uielezee vizuri. Kibati iko kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kileleni ni 3,470. Ni mwendo wa saa tano, sita. Mwanzo msitu na udongo, watu wanacheka, wanapiga picha. Halafu mnaingia kwenye mawe ya lava ya 2002, mawe mepesi yanayobingirika chini ya mguu na kukata viatu vya bei rahisi. Sisi tulivaa mabuti ya mpira, wageni walitucheka asubuhi, mchana wanatuuliza tumenunua wapi. Kipande cha mwisho ni mwamba mtupu, unapanda umeinama, upepo unapiga ubavuni, na vibanda vya kulala unaviona pale juu lakini havikaribii. Mvua inaweza kukunyeshea mara tatu kabla ya kufika.

Na baridi, ndugu yangu. Watu wa nje wanadhani mlima wa moto una joto. Kutoka Goma hadi ukingoni joto linashuka kama nyuzi kumi na tatu, na mvua ikikupata njiani usiku wako umeharibika.

Kuna kundi moja la wanafunzi silisahau. Vijana wa hapahapa mjini, wameshiba ujana, na mmoja amevaa jinzi. Jinzi! Mvua ilimnyeshea tukiwa katikati. Tulipomuuliza, akajibu: «Yaya, niko sawa, kichwa tu inaniuma kidogo.» Hakutaka mbele ya wenzake aonekane ndiye anayechelewesha msafara. Kipande cha mwisho aliacha kutetemeka. Wenzake walifurahi, wakasema amezoea. Tulipofika vibandani, dada mmoja wa kundi lao akampa pakiti ya biskuti. Akaishika. Vidole vikatafuta pale pa kuchania, vikateleza, vikatafuta tena, naye anaitazama pakiti kama ni ya mtu mwingine. Akainua macho akatabasamu, halafu akaanza kusema sentensi na hakuimaliza. Muzee wetu, pota mkubwa kuliko sisi wote, aliona ile pakiti tu akasema: «Mumutoe hiyo jinzi. Sasa hivi.» Tulimvua kila kilicholowa, tukamfunga ndani ya mifuko miwili ya kulalia pamoja na mwenzake mwenye mwili mkavu, na alipoweza kumeza vizuri tukampa chai yenye sukari nyingi. Alianza kutetemeka tena baada ya muda mrefu, na muzee akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, maana kutetemeka ndiko kulikokuwa kunatakiwa.

Ukiniuliza mimi, hadithi yako iko kwenye ile «niko sawa». Kila mmoja kati ya marafiki watano anaficha kitu kidogo: mmoja kifundo cha mguu, mmoja tochi isiyo na betri, mmoja alijua njia kwa kusimuliwa tu lakini aliwaambia ameshaipita. Jua linatua saa kumi na mbili na giza linaingia palepale. Msomaji anajua siri zote tano, wao kila mmoja anajua yake. Acha saa iende.

Hewa nayo uigawe sawasawa, maana umechanganya moshi wa kileleni na mazuku. Kule ukingoni kinachosumbua ni moshi wa salfa: upepo ukigeuka macho yanawaka, mnakohoa wote, lakini mnaujua upo na mnakimbia. Mazuku ni jambo jingine kabisa. Iko chini, mabondeni, zaidi upande wa kwenda Sake na kandokando ya ziwa Kivu. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaza mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukilala. Ukiitazama huoni kitu. Unaona panya amelala, ndege amelala, mbuzi wawili wamelala kama wamechoka. Moto ukiushusha pale unazimika.

Sasa fikiri hivi. Njia ya kurudi imekatwa na lava, marafiki wako wanaamua kushuka upande wa magharibi, kwenye mashamba ya lava kati ya Nyiragongo na Nyamulagira, mlima wa moto jirani yake, waitafute barabara ya Sake. Wametembea usiku kucha. Karibu kunakucha wanafika kwenye kibonde kizuri chenye nyasi, hakina upepo, mahali pa kupumzika. Watu wazima waliosimama wanaweza kupita pale wakasikia kizunguzungu tu. Anayekaa chini ndiye haamki. Na rafiki anayeinama kumwinua anaingiza kichwa chake palepale. Hapo una wawili chini, watatu wamesimama hatua chache wanaita majina, na mmoja wao, aliyekulia Sake, anawashika wenzake nguo wasiende. Wanamchukia kwa hilo. Wanamwita muuaji. Yeye ndiye anayejua anachofanya.

Simba uliyemweka mtoe, kwenye mlima huo hayupo. Waasi pia ningewatoa. Najua wapo na msomaji atawatarajia, ndiyo sababu yenyewe. Akishaona bunduki anajua hadithi inaelekea wapi, na habari hizo tunazo kila siku bila kununua kitabu.

Kuhusu swali lako la mwisho, nani abaki hai: mimi ningembakiza yule aliyedanganya kuhusu njia, afike Sake saa moja asubuhi katikati ya watu waliokimbia Goma, na mtu wa kwanza kukutana naye awe mama wa mmoja wa wale wawili, amebeba godoro kichwani, anauliza mwanawe yuko wapi.

Lakini ni kitabu chako. Ukimaliza sura ya mazuku iweke hapa tuisome.