Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita Dar

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka Songea, kwa mtoto wa mama mdogo: "Dada shikamoo. Nimepata kazi Dar, naripoti mwezi ujao. Kuna dalali kanitumia picha za chumba Chamazi, elfu sitini kwa mwezi, kina vigae na feni. Nilipie?"

Nilicheka peke yangu ndani ya daladala mpaka mama wa siti ya pembeni akanigeukia. Chumba cha Chamazi cha elfu sitini ndicho nilichoanzia maisha mwaka 2022. Vigae vilikuwepo kweli. Nilikuwa naviona Jumapili.

Nilishuka Kituo cha Magufuli, pale Mbezi Luis, nikiwa na mabegi mawili na ndoo ya dagaa wa Nyasa ya kumpelekea shangazi. Shangazi anakaa Chamazi, na mgeni hupanga karibu na mtu anayemjua, kwa hiyo baada ya wiki tatu za kulala sebuleni kwake nikachukua chumba mtaa wa pili. Hakuna aliyeniuliza kazini ni wapi. Kazini ni Kijitonyama, kituo cha Sayansi. Asiyeijua Dar ataona ni mji mmoja, shida iko wapi? Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wenye wilaya tano, na asubuhi nilihisi wote wanagombania mlango mmoja na mimi.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Chamazi hadi Rangi Tatu, kule Mbagala, gari la kwanza. Rangi Tatu hadi Kariakoo, la pili. Kariakoo hadi Sayansi, la tatu, na hilo la tatu siku nyingine konda anaamua njiani kukata ruti: "Mwisho Morocco, mwisho Morocco, hatufiki!" Unashuka, unaanza upya. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, naingia ofisini saa mbili kasoro. Jioni natoka saa kumi na moja, nafungua mlango wangu saa mbili na nusu usiku. Ukipiga hesabu ni zaidi ya saa sita kwa siku barabarani, nyingi zake nimesimama huku nimeinamisha shingo, maana mimi ni mrefu na vipanya, zile daladala ndogo, havikutengenezwa kwa ajili yangu.

Sasa tuongee pesa, maana ndiko tunakodanganyika. Nauli tatu kwenda zilikuwa shilingi 1,600, kurudi hivyo hivyo, jumla 3,200 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni 76,800. Ongeza kodi ya 60,000, unapata 136,800. Nilipohamia Kunduchi Mtongani, chumba kidogo kuliko kile, kodi 100,000, gari likawa moja tu la kwenda Makumbusho, linapita Sayansi, kwa 600. Nauli ya mwezi 28,800, jumla 128,800. Chumba "cha bei" kilinipunguzia matumizi kwa elfu nane. Nauli zilipanda mwishoni mwa 2023, hivyo piga upya kwa bei za leo, ila usiache kupiga. Kodi na nauli ni deni moja, linalipwa kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mdogo wangu nilimjibu: usilipe. Niambie kwanza ofisi iko wapi na mbele yake yanapita magari ya wapi.

Hapo ndipo pa kuanzia kama huna gari wala huna mpango wa kununua. Anza kutafuta nyumba ukiwa umesimama getini kwa mwajiri. Simama kituo cha karibu, soma vioo vya mbele vya daladala: Tegeta–Makumbusho, Bunju–Makumbusho. Maandishi yale, pamoja na vituo vya njiani, ndiyo orodha ya mitaa unayoweza kuishi. Mtaa usiokuwa kwenye njia hizo usipange, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Tena ujue mji huu umekaa kama vidole vya mkono. Barabara ya Bagamoyo inakwenda kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Nyerere inapita uwanja wa ndege kwenda Gongo la Mboto, ya Kilwa inashuka Mbagala. Kiganja ni Kariakoo na Posta. Kutembea juu ya kidole kimoja kunavumilika. Balaa ni kuruka kutoka kidole hiki kwenda kile, ama uingie kiganjani na utoke, ama uzunguke na Mandela na Sam Nujoma pamoja na malori ya bandarini. Mimi nilikuwa nalala kidole cha Mbagala, nafanya kazi kidole cha Bagamoyo. Barabara za juu za Tazara na Ubungo zimesaidia, sikatai, ila hazikuniondolea gari la pili na la tatu.

Ukiwa unafanya kazi Posta, una bahati, kila kidole kinakufikisha. Hapo ningekwambia angalia Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni, kwa sababu ya mwendokasi. Tangu Mei 2016 mabasi yale yana njia yao kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Asubuhi hujaa, utabanwa, lakini utabanwa huku unatembea, na foleni unaiona dirishani kama sinema. Hata Kigamboni ni karibu kwa mtu wa Posta: unavuka na pantoni, unaibukia Kivukoni. Mtu wa Mikocheni akihamia Kigamboni kwa sababu ya upepo wa bahari, mwombee.

Dalali naye ana lugha yake. Akikwambia "dakika tano kutoka barabarani," muulize: za mguu au za boda? Atacheka. Tembea mwenyewe kutoka kituoni hadi mlangoni, ukiangalia saa, kisha rudi njia hiyo hiyo saa mbili usiku uone kama kuna taa na watu. Kama ni miezi ya masika, nenda siku inayofuata baada ya mvua. Chumba kimoja nilichokipenda sana Tegeta kilikuwa na njia kavu Jumamosi, Jumanne mvua ikapiga, nikakuta watoto wanavushwa mgongoni kwa mia mbili mia mbili. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu ya miezi sita ya mwenye nyumba. Ni miezi saba unatoa kwa mkupuo, usione aibu kurudi mara tatu.

Halafu kuna kipimo ambacho sijasikia mtu akikitaja na mimi ndicho nakiamini kuliko vyote. Nenda Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, kasimame kituo cha mtaa unaotaka kuhamia. Hesabu magari yanayopita yamejaa kabla hujapata la kupanda. Mtongani nilihesabu saba. Yote yametoka Tegeta na Bunju yameshiba, konda ananing'inia mlangoni anapunga mkono tu. Nilihamia hivyo hivyo, ila nilihamia nikiwa na dawa yake.

Dawa ni kugeuza nalo. Unavuka barabara, unapanda gari linalorudi Tegeta tupu, unafika nalo Nyuki mwisho wa ruti, hushuki. Wenzako wa Tegeta wanapiga viwiko mlangoni, mmoja anarusha pochi dirishani kuwahi siti, wewe umekaa dirisha la kushoto unakula zako mhogo. Unalipa nauli mbili, ndiyo. Mimi nageuza Jumatatu na siku zenye mvua. Zile elfu nane nilizookoa huishia hapo, na sina kinyongo, nimepata karibu saa nne za kila siku.

Jioni dawa ni miguu. Badala ya kusubiri Sayansi ambako magari yanafika yamejaa, natembea kituo kimoja nyuma hadi Makumbusho yanakoanzia. Hata dakika kumi na tano hazifiki. Wafanyakazi wenzangu wanaona natafuta mazoezi.

Mengine utajifunza humo humo, nakugusia tu. Kaa na chenji. Ukitoa elfu kumi asubuhi konda atakuunganisha na mtu usiyemjua: anawapa noti moja ya elfu mbili, "mtagawana nyie," na gari linaondoka. Niliwahi kushuka Bamaga, siyo kituo changu, nikamfuata kijana mmoja mpaka dukani kwa Mangi tuvunje noti, kwa sababu ya mia nne yangu. Konda akiita "Sayansi wapo?" jibu kwa sauti, "Wapo!" Ukinyamaza kwa adabu za kikwetu utashukia mwisho. Simu usiishike dirishani kwenye foleni. Na kwenye begi weka kandambili na khanga. Kandambili ni za tope, khanga ni ya kila kitu kingine.

Bodaboda natumia kwa kipande cha mwisho tu, barabarani hadi nyumbani usiku, tena na kijana mmoja wa kijiweni kwetu ninayemjua na mama yake ananijua. Mjini kati sipandi boda hata nikichelewa. Bajaji naiweka kwa siku za mzigo. Kuhama nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo; kitanda, jiko la gesi na ndoo zote zikaingia safari moja. Watu wanaosema huwezi kuishi bila gari mara nyingi wanafikiria siku kama hizo, ambazo kwa mwaka ni chache, unakodi, unalipa, yanaisha.

Ugumu halisi, kwa upande wangu, ni watu. Vikao vya harusi. Dar kikao kinaitwa saa kumi na mbili jioni, kinaanza saa mbili usiku, na kiko Mbagala. Baada ya saa nne daladala zinapungua, na nauli ya teksi ya kwenye simu kutoka Mbagala hadi Mtongani inakula mchango wenyewe. Mwaka wa kwanza nilikwenda vyote, nikawa nalala kwenye makochi ya watu. Sasa natuma mchango mapema, naenda kikao cha mwisho na sherehe yenyewe, na naomba lifti bila haya mwanzoni, kabla watu hawajagawana viti vya magari. Msibani naenda bila kuhesabu. Na nimehamisha vitu vyangu vyote viwe vya kutembea kwa mguu: kanisa, saluni, fundi cherehani, genge la mboga. Saluni niliyoizoea ilikuwa Mbagala, yule dada alikuwa anasuka vizuri kuliko wa hapa. Ndivyo ilivyo.

Shangazi alinuna nilipohama. "Umetukimbia, mwanangu." Naenda kwake mara moja kwa mwezi, Jumamosi, nalala, Jumapili mchana narudi. Kusema kweli tunaongea zaidi sasa. Nilipokuwa mtaa wa pili alikuwa ananiona mgongo tu.

Mdogo wangu amejibu jana. Ofisi yao iko Vingunguti, Barabara ya Nyerere. Basi, Chamazi yaishe hapo. Nimemwambia tuangalie Banana, Ukonga, labda Gongo la Mboto yanakoanzia magari, apate siti. Atafikia kwangu, na Jumatatu ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi tutasimama wote kituo cha Banana tuhesabu. Ameuliza kama alete dagaa. Nimemwambia ndoo mbili: moja ya shangazi, apunguze kununa.