Barua kwa mwanangu: Malibu au Camry, na gari ya Marekani ni ipi hasa

Marahaba mwanangu. Huku Columbus, Ohio, hatujambo, baba yako mafua yamekwisha, ameanza tena kugombana na thermostati kwa hiyo ujue amepona kabisa. Meseji yako niliisoma nikaona hili si swali la kujibiwa kwa voisi noti ya dakika mbili huku napika, acha niandike.

Unasema umeona gari mbili huko Kansas City. Chevrolet Malibu ya 2022 imetembea maili 38,000 wanataka dola 16,900, na Toyota Camry ya 2020 imetembea maili 52,000 wanataka 21,500. Wenzako kazini wanakusukuma kwenye Malibu, eti hiyo ndo gari ya hapa, imeundwa na watu wa hapo hapo mjini, Camry ni ya Wajapani na hela yako itapanda ndege. Na we sasa hujui ufuate mfuko, wenzako, au yale uliyozoea kusikia kwa wajomba zako kwamba Toyota haifi.

Nianze na wenzako maana naona ndo waliokuvuruga. Upande mmoja wana haki. Malibu ya 2022 kweli imetoka kiwanda cha Fairfax, hapo hapo Kansas City upande wa Kansas, inawezekana kabisa unapanga foleni ya benki na mtu aliyeifunga milango. Lakini hiyo Camry je? Kiwanda cha Toyota kiko Georgetown, Kentucky, Camry zinaundwa pale tangu 1988. Na sisi huku, Marysville haiko mbali na Columbus, Honda walianza kuunda Accord pale mwaka 1982, ndo gari ya kwanza ya kampuni ya Kijapani kuundwa Marekani. Mume wa dada mmoja wa kanisani kasomesha watoto wote kwa mshahara wa pale. Ukimwambia yule bwana kwamba anatengeneza gari za kigeni atakuangalia hivi hivi tu.

Na hawakuja kwa mapenzi, usidhani. Mwaka 1981 serikali ya Reagan na Japani walikubaliana Wajapani wasilete gari zaidi ya milioni 1.68 kwa mwaka, Detroit, yaani kampuni kubwa za gari za Kimarekani, walikuwa wanalia kwamba wanamalizwa. Wajapani wakaona bas, kama kuleta kwa meli kuna kikomo, tutaundia huku huku. Baadaye na wengine wakafuata, Hyundai wakaenda Alabama, Volkswagen wakaunda Passat Chattanooga, Tennessee, kuanzia 2011 mpaka walipoiacha mwaka 2021. Kwa hiyo haya mambo ya gari za kwetu na za kigeni yalianza kuchanganyika kabla we hujazaliwa.

Sasa angalia upande wa pili. Ford Fusion, ile sedani ambayo kila mtu aliiona ni ya Kimarekani kabisa, nyingi zimeundwa Hermosillo, Mexico. Chrysler yenyewe tangu 2021 iko chini ya Stellantis, kampuni iliyosajiliwa Uholanzi. We usibishane na mtu kazini, mwambie akaangalie namba ya VIN, ile ya herufi na tarakimu 17 inayoonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Ikianza na 1, 4 au 5 gari imeundwa Marekani, 2 ni Kanada, 3 ni Mexico, J ni Japani, K ni Korea. Hiyo Malibu yako itaanza na 1G1. Camry ya Kentucky inaanza na 4T1, na ukikuta inaanza na J basi hiyo kweli imekuja kwa meli. Gari mpya zina na karatasi dirishani, sheria ya mwaka 1992 inawalazimisha waandike asilimia ya vipuri vilivyotoka Marekani na Kanada, wanazihesabu pamoja, na nchi gari ilipoundwa, na injini na giaboksi zimetoka wapi. Kwenye gari iliyotumika hiyo karatasi ilishatupwa zamani ila VIN haiendi popote.

Kuna hoja moja ya wenzako siipuuzi, ya chama cha wafanyakazi. Wafanyakazi wa Fairfax wako kwenye UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya gari, wa Georgetown na Marysville hawako. Kama rafiki yako anakwambia ananunua gari iliyoundwa na watu wenye chama ili wapate mishahara mizuri na pensheni, hiyo ni hoja ya mtu anayejua anachosema na mi namheshimu. Lakini mwanangu, we unanunua gari iliyotumika! Yule fundi wa Fairfax alishalipwa siku gari inatoka kiwandani, GM wenye Chevrolet walishapata chao, hiyo 16,900 inaenda kwa mwenye yadi na benki. Hata ungetaka kuwaunga mkono kwa kununua mpya ungechelewa, GM walisimamisha Malibu Novemba 2024. Chrysler 200 iliisha 2016, Ford walitangaza 2018 kwamba wanaachana na sedani, Fusion ikaisha 2020. Wenyewe Detroit ndo walioamua faida iko kwenye SUV na pikapu, leo ukitaka sedani mpya ya kawaida ya saizi hii kutoka kwao haipo, labda uende kwenye Cadillac na huko hatuna hela ya kwenda. Kwa hiyo mtu asikubebeshe mzigo wa uzalendo ambao kampuni zenyewe zimeutua.

Haya, hiyo tuiache, tuje kwenye chuma chenyewe.

Malibu hiyo kama ni ya kawaida ina injini ya 1.5 yenye turbo na giaboksi ya CVT. CVT haina gia za kuhesabika, ndani kuna mkanda au mnyororo wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, ndo maana ukikanyaga mafuta injini inalia kwa sauti moja na huhisi gia zikibadilika. Inaendesha laini, inasaidia kwenye mafuta, ubaya wake ikiharibika mafundi wengi hawaifungui, wanakwambia badilisha nzima, na hapo ndo utalia. Injini ya turbo nayo haitaki uvivu, oili ibadilishwe kwa wakati na iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Camry ya 2020 yenye injini ya 2.5 haina turbo, giaboksi ni otomatiki ya gia nane, teknolojia ya kawaida ambayo mafundi wameizoea. Ina nguvu zaidi pia, kama farasi 203 kwa 160 za Malibu, ila hilo silipi uzito, sitaki ukimbie.

Mafuta usihangaike nayo, zote ziko kwenye maili thelathini hivi au zaidi kidogo kwa galoni ukichanganya mjini na haiwei, tofauti utakayoiona inatokana na mguu wako. Ungekuwa unanunua mpya ningekwambia mengine maana Camry kuanzia modeli ya 2025 zote ni haibridi na ya chini kabisa inafika maili 51 kwa galoni, lakini bei yake si yetu.

Sasa kwa nini Malibu ya miaka miwili mbele, yenye maili chache, iko chini kwa dola 4,600? Hapo ndo pa kukaa na kufikiri. Si kwamba ni mbovu. Malibu nyingi zilinunuliwa na kampuni za kukodisha gari, zikishachoka nazo zinamwagwa sokoni kwa mkupuo, na kitu kikiwa kingi bei inashuka. Halafu modeli yenyewe imeshakufa, na watu wanaogopa gari isiyotengenezwa tena ingawa ukweli spea za Malibu hazitaisha leo wala kesho, ziko barabarani nyingi mno. Camry nayo bei yake imepandishwa na jina, unalipia sifa ya wajomba zako kabla hujalipia gari. Ndo maana mtu akiniambia Malibu ni dili simbishii, kwa mtu atakayeiendesha mpaka ife na hana mpango wa kuiuza ni dili kweli, maana hasara kubwa ya kushuka bei alishaibeba mwenye nayo wa kwanza.

Na kuna kitu we hukukitaja, dhamana. Chevrolet na Toyota wote wanatoa miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi, kipi kitatangulia, na inahesabiwa tangu siku gari ilipouzwa mara ya kwanza, siyo siku we umeinunua. Camry iliyouzwa 2020 imeshamaliza miaka yake hata kama maili hazijafika. Malibu iliyouzwa 2022 inaenda mpaka 2027 ikiwa maili hazijafika 60,000, na kwa jinsi unavyoendesha kwenda kazini maili 22,000 hizo utazila haraka. Ulizia tarehe kamili, dila, yaani muuzaji, wa Chevrolet yeyote akipewa VIN anaiona kwenye kompyuta.

Mi ninavyoona, kwa hali yako, chukua Camry. Sababu siyo Ujapani. Umeniambia unataka kurudi shule na huenda ukahama mji, maana yake gari hii huenda ukaiuza, na Camry utaiuza kirahisi, sehemu kubwa ya ile 4,600 itakurudia mkononi. Na ukikwama nayo miaka minane nataka ukwame na giaboksi ambayo fundi wa mtaani anaiweza. Lakini sikilizia na kitu kingine, umesema una taslimu 12,000. Ukichukua Malibu deni ni kama 4,900, ukichukua Camry ni 9,500, bado kodi na usajili. Riba ya mkopo wa gari iliyotumika si ya kuchezea, kwa hiyo nenda kredit yunioni, ile ya ushirika wa akiba na mikopo, kwanza upate barua ya mkopo kabla hujaingia yadi, usikubali dila akutafutie mkopo yeye halafu akuulize unaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Hilo swali la ngapi kwa mwezi ni mtego, anakurefushia miaka unaona kiasi kidogo. Kama kredit yunioni riba yao inakunyonga, chukua Malibu bila aibu yoyote, ulipe haraka, ulale.

Bima piga simu kabla hujanunua, wape VIN zote mbili wakupe bei, wakati mwingine tofauti ya bima inakula ile nafuu yote. VIN hizo hizo ziweke kwenye tovuti ya NHTSA, wale wa serikali wa usalama wa barabarani, uone kama kuna matengenezo ya usalama ambayo kampuni iliagiza na hayajafanywa, hayo dila wa kampuni hiyo anafanya bure hata kama umenunua gari mkono wa tatu. Ripoti ya Carfax, ile ya historia ya gari, omba, ila usiiamini kama msahafu, ajali isiyoripotiwa haimo mle. Uliza Malibu ilikuwa ya kukodisha au ya mtu, na uliza kama ina breki za dharura zinazojifunga zenyewe, kwa Camry kuanzia 2018 zinakuja nazo.

Halafu fundi. Fundi wako, siyo wa yadi. Mlipe aipandishe gari juu aiangalie chini, achomeke ile mashine ya kusoma kompyuta, aangalie oili ya giaboksi. Mwenye yadi akikataa gari isitoke kwenda kwa fundi, aga uondoke hata kama rangi yake umeipenda. We mwenyewe iwashe ikiwa ya baridi asubuhi, usikubali ukute wameshaipasha moto. Ile Malibu panda nayo mlima taratibu usikie kama inatetemeka au inavutavuta.

Dirishani utakuta karatasi inaitwa Buyers Guide, sheria ya shirikisho inawalazimisha kuibandika kwenye gari iliyotumika. Isome yote, inasema kama unapewa dhamana au unaichukua hivyo ilivyo. Na watu wengi wanadhani kuna siku tatu za kubadili mawazo na kurudisha gari, hakuna sheria ya shirikisho inayokupa hizo siku ukinunua yadi, ukisaini ni yako, labda wao wenyewe wakuandikie. Watakuuzia na vikorokoro, dhamana ya ziada, dawa ya kulinda viti, sijui nitrojeni kwenye tairi, vyote sema hapana kwanza.

Baba yako anasema nikuambie uchukue Accord, hajui hata haikuwa kwenye swali, yeye kila swali jibu lake Accord. Ila ukiikuta ya 2020 au 2021 kwa bei ya katikati nitumie, nyingi zake nazo zina CVT na turbo ya 1.5 kwa hiyo yale niliyosema ya Malibu yanaihusu pia.

Nitumie picha za VIN zote mbili na bei ya mwisho ikiwa na kodi na ada ya makaratasi ndani, siyo ile ya dirishani. Jumamosi niko nyumbani, piga video ukiwa hapo yadi niongee na huyo muuzaji mwenyewe.

Mamako