Chai ya kijani na mimba yako

Mtwara

Mwanangu,

Umeuliza kama chai ya kijani unayokunywa kila asubuhi huko Lindi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kunywa, ila isizidi vikombe viwili kwa siku, na isikaribiane na chakula wala vidonge vya kuongeza damu. Hilo la pili ndilo linalonihangaisha.

Kafeini tuimalize haraka. Kikombe cha mililita 240 kina takriban miligramu 30 hadi 50, na wataalamu wa uzazi wa Marekani wanashauri mjamzito asifike 200 kwa siku. Ila ujumlishe na chai ya rangi, kahawa na kola. Kafeini hupita kwenye kondo la nyuma, mtoto hawezi kuivunja, na mimba ikikua mwili wako nao huitoa polepole sana. Kikombe cha jioni uache. Pakiti moja, maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka, dakika mbili, toa. Usichemshe majani sufuriani, yatatoa kafeini na uchungu zaidi.

Sasa damu. Chai, ya kijani na ya rangi vilevile, ina viambata vinavyoshikamana na madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Chuma cha mimea ndicho kinachoathirika zaidi, na sisi huku tunakitegemea: kisamvu, kunde, mbaazi. Cha samaki na nyama hakisumbuliwi sana. Malaria nayo huharibu chembe nyekundu, na mkoa wetu na wenu inayo. Usiongeze hasara kwa kikombe unachoshushia mihogo ya asubuhi.

Kidonge cha kliniki kina miligramu 60 za chuma na 0.4 za foliki asidi. Chai ya kijani inaweza kupunguza hata hiyo foliki asidi, inayohitajika hasa mwanzoni, kwani mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa. Kimeze kwa maji au juisi ya chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Kikikuchafua tumbo, kimeze usiku ukienda kulala, usikiache.

Kwa hiyo kula saa moja asubuhi, chai saa nne. Ukila mchana saa saba, kikombe cha pili saa kumi alasiri, basi.

Vile vidonge vya kupunguza mwili vyenye dondoo la chai ya kijani usiviguse kabisa, mama. Dozi yake haifanani na kikombe, na vimewahi kuumiza maini ya watu wasio na mimba.

Ukienda kliniki uliza wingi wa damu yako. Ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, chai yote iweke kando mpaka ipande, na unijulishe siku hiyohiyo.

Mama yako