Muulize Shangazi: Nifunge Kariobangi nirudi Makueni?

Salamu Shangazi. Mimi ni fundi wa chuma hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi, nina miaka 32. Natengeneza mashine za kukata majani ya ng'ombe, za injini na za umeme. Tuko mafundi watatu na kijana mmoja anayejifunza. Wateja wangu wengi wanatoka Machakos, Makueni na Kitui, maana mimi ni wa huko na jina langu limetembea kupitia mashemeji. Mwezi uliopita, tukiwa mazishini, mjomba aliniambia kaunti zetu tatu zina jumuiya yao ya kiuchumi, na kwamba vijana wanaorudisha kazi nyumbani wanapewa mtaji. Kodi ya banda hapa inanimaliza, na stima ikipotea tunaketi tu. Je, nifunge nikajaribu huko?
— Fundi wa Majani

Usifunge, mwanangu.

Kabla sijakueleza kwa nini, wacha nicheke kidogo kwamba habari ya biashara umeipata mazishini. Hata mimi wateja wangu wa kwanza niliwapata matangani. Ndipo watu huketi muda mrefu na kuulizana kazi.

Mjomba hajakudanganya, ila amechanganya mambo mawili. Jumuiya ipo kweli: ni ya Kitui, Machakos na Makueni. Watu wa kanda ya Ziwa Victoria wana yao yenye kaunti 14, na Pwani wana yao ya kaunti sita. Zote zilikuja baada ya ugatuzi, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 189, inaziruhusu kaunti kushirikiana na kuunda kamati za pamoja. Lakini angalia pesa zinapopita. Mgao wa serikali kuu huenda kwa kila kaunti peke yake, hauendi kwa jumuiya. Jumuiya inategemea michango ya wanachama wake na wafadhili, na kuna gavana anayechanga na kuna anayeahidi. Ukienda kwao kuomba laki tatu ununue mashine ya kukunja chuma, utapewa chai, kalenda na kiti cha kungojea.

Sasa usije ukasema Shangazi amesema hazina kazi. Kazi yao ni kukutanisha watu: kualika wawekezaji, kupanga maonyesho, kuzungumza na benki kwa sauti moja badala ya tatu. Mkutano kama huo una faida, ila faida yake haiji siku ile ile.

Mimi nilishona sare za shule soko la Uhuru, Jogoo Road, miaka 19. Mwaka mmoja tukaalikwa kwenye maonyesho ya kaunti kadhaa, wapi sitasema. Nikabeba sweta 200. Hema lilikuwa la plastiki nyeupe na jua likatupikia humo ndani kama mkate ndani ya mfuko. Siku ya kwanza wakubwa walipita, mmoja akainua sweta ya kijani, wakapigwa picha, wakaenda zao. Kwa siku tatu niliuza sweta 11. Nilirudi Nairobi nikiwatukana kimoyomoyo njia nzima. Wiki ya pili ya Januari simu ikalia. Ni bursa, mtunza fedha, wa shule moja ya upili, alikuwa amechukua kadi yangu pale hemani, anataka sweta 340. Swali lake la pili, baada ya bei, lilikuwa cheti cha KRA, mamlaka ya ushuru, cha kuonyesha kwamba sina deni la ushuru. Sikuwa nacho. Miaka miwili sikuwa nimejaza ritani, ile taarifa ya ushuru ya kila mwaka, hata ile ya sifuri. Nilipomaliza kuhangaika na faini, kazi ilishachukuliwa na jirani yangu wa meza ya tatu, na namba ya bursa nilimpa mimi mwenyewe, nikidhani anaenda kuniombea muda!

Kwa hivyo swali langu kwako ni hili: vyeti vyako viko wapi? Jina la biashara limesajiliwa? Ritani umejaza? Ankara unatoa kwa eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, au bado ni kile kijitabu cha karatasi chenye kaboni? Una miaka 32, na serikali, pamoja na kaunti, hutengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni zake. Kijana huko ni wa miaka 18 hadi 35. Umebakiwa na miaka mitatu, usiimalize ukingojea mtaji wa mjomba.

Nirudi kwa Kariobangi, maana hapa ndipo nadhani hujatazama vizuri. Hebu hesabu ulicho nacho ndani ya mwendo wa dakika tano. Shiti ya chuma ya geji 16 unakatiwa vipimo unavyotaka, hulazimiki kununua nzima. Fundi wa kuchonga shafti yuko ng'ambo ya barabara. Bearing, mshipi, injini kuukuu, rangi ya kupuliza, kijana wa mkokoteni, wote wanakujua kwa jina na wengine wanakukopesha mpaka Ijumaa. Kisu cha mashine kikivunjika saa nne, saa sita umechongewa kingine. Ukihamia mji wa Wote, Makueni, kisu hicho kitapanda matatu kuja Nairobi na kulala stejini. Kodi itakuwa nafuu, sikatai, lakini ule ujirani utaanza kuulipia nauli. Kaunti zinatumia mamilioni kujaribu kujenga mahali kama hapo ulipo. Tangu 2023 kuna mpango wa vituo vya viwanda vya kaunti, CAIP, shilingi milioni 500 kila kimoja, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Vingine ukipita leo utaona nguzo za chuma na nyasi.

Ningekuwa wewe, ningehamisha mashine moja tu. Ipeleke kwa duka la agroveti lililo karibu na chama cha ushirika cha maziwa, iwe ya kuonyesha, na mwenye duka umpe kamisheni kwa kila anayenunua. Mfundishe kijana mmoja wa pale kubadilisha visu na mshipi. Mkulima haogopi bei kama anavyoogopa mashine itakayokufa msimu wa kiangazi na fundi yuko Nairobi. Siku ukienda kuipeleka, ingia ofisi ya biashara ya kaunti, na usiombe pesa. Uliza maonyesho ya jumuiya yatakuwa lini na meza inapatikanaje. Omba orodha ya vyama vya ushirika vya maziwa. Uliza kama katika hicho kituo cha viwanda kuna nafasi ya mafundi wa chuma, na inatolewa kwa nani. Mara nyingi utaambiwa njoo kama kikundi, na hapo mafundi wa Kariobangi mmezembea. Mamlaka ya biashara ndogo, MSEA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, husajili vyama, na mambo ya mabanda na mafunzo hupitia kwa vyama hivyo.

Mkopo ukiutaka kweli, piga hodi Kenya Industrial Estates. Ipo tangu 1967, hukopesha viwanda vidogo na ina mabanda ya kukodisha. Watataka kuona hesabu zako, kwa hivyo anza leo kuandika kila shiti inayoingia. Hazina ya Hustler, ile ya mikopo ya serikali kwa simu, ina mahali pake, lakini mkopo wa kwanza ukiwa wa shilingi 500, unaolipwa kwa siku 14, hauwezi kukununulia hata robo ya shiti.

Shangazi, nanunua ndengu mashambani na kuuza Nyamakima, Nairobi. Nalipa sesi, ule ushuru wa mazao, katika kaunti ninakonunua, halafu kaunti ya mbele wananisimamisha tena niwalipe. Hii si wizi?
— Mama Ndengu

Neno wizi nakuachia wewe. Mimi nitakusomea Katiba, kifungu cha 209(5): kaunti isitoze ushuru kwa namna ya kuzuia biashara au bidhaa kuvuka mipaka ya kaunti. Risiti ya kwanza usiitupe, ibebe mbele kabisa karibu na dereva, na ukisimamishwa, omba waandike risiti yenye jina la ushuru wanaodai. Wengi watakuruhusu upite kuliko kuandika.

Hapa ndipo jumuiya za kaunti zingetuonyesha maana yao. Kaunti jirani zikikubaliana kwamba gunia likilipiwa mara moja limelipiwa, hiyo ingekusaidia kuliko maonyesho kumi yenye mahema meupe. Lakini hakuna atakayewaambia kama si nyinyi. Wafanyabiashara wa nafaka Nyamakima mko wengi na mnajuana. Andikeni barua moja, wekeni nakala za risiti za miezi mitatu, mpeleke kwa mawaziri wa biashara wa kaunti zote mnazopita, wote siku moja, ili asiwepo wa kusema hajaipata.

Shangazi, kuna mtu anataka 3,000 kwa M-Pesa aniweke kwenye orodha ya hazina ya jumuiya ya kaunti zetu. Nitume?
— Msichana wa Umoja

La. Mwambie utamletea pesa taslimu ofisini kwake, mbele ya bosi wake, akuandikie risiti yenye muhuri. Kisha muulize ofisi iko orofa ya ngapi. Akikata simu, usimpigie tena.