Usimpe mtu dole gumba kabla hujaitia laini kwenye kitochi

Wewe wa Kasulu, kesho usiende popote. Nimesoma ulichoandika: simu inakuletea "hakuna huduma" tangu ulipotoka Manyovu, mpakani na Burundi, fundi kakwambia laini imekufa, na asubuhi unampelekea kijana wa mwamvuli pale stendi, wale wakala wa laini wa barabarani, akurinyulie, yaani akupe kadi mpya yenye namba ile ile. Unauliza bei, unauliza kama hela iliyomo itapotea. Bei ni ndogo, ndiyo maana watu wanaparamia bila kufikiri. Hela haipotei, iko kwenye mitambo ya kampuni chini ya namba yako, haikai ndani ya kile kiplastiki. Haya, tuje kwenye la maana.

Toa laini, itie kwenye simu ya mtu mwingine. Kitochi cha jirani, ile simu ndogo ya vitufe, simu ya mkeo, yoyote ile inayopiga na kupokea hapo ulipo. Ikishika huko, laini yako nzima na ugonjwa uko kwenye simu yako. Isiposhika, ndipo tuongee habari za kurinyu. Hailipiwi hata shilingi. Mimi sikuifanya na imenigharimu hela, mteja, na safari za polisi, kwa hiyo nikiwa mkali humu usinichukie, hasira zangu si zako.

Mimi ni mama wa dagaa, nipo Kibirizi, hapa Kigoma mjini. Mzigo unatoka hapa unakwenda Tabora, Kahama, mpaka Dar, na malipo karibu yote yanapita kwenye simu. Laini ikizimika, biashara imezimika. Sasa nilikwenda Kagunga kufuata mzigo, na mnaofahamu kule mpakani mnajua simu inavyokosa adabu: ukigeuka huku Tanzania, ukigeuka kule Burundi, na salio linaliwa hujui limeliwa na nchi gani. Kijana mmoja kwenye boti akajitolea kunisaidia. Akaingia kwenye mipangilio, akaondoa ile ya simu kujitafutia mtandao yenyewe, akachagua wa Burundi kwa mkono kwa sababu ndio uliokuwa na nguvu. Nikapiga, nikamaliza shida zangu, nikamshukuru na soda nikamnunulia. Kurudi Kigoma mjini: hakuna huduma. Nazima, nawasha, hakuna huduma.

Simu ilikuwa imeambiwa itafute mtandao wa Burundi na si mwingine, na mimi niko Kibirizi naitukana laini. Kosa lote ni hilo tu. Na wewe umetoka Manyovu, mdogo wangu. Unaona kwa nini nimeshindwa kunyamaza?

Nikaenda kwa fundi mmoja pale Mwanga. Akaitoa laini, akaiinua juani kama anayekagua noti bandia, akasema, "Mama, hii imeungua." Imeungua na nini? Nimeikaanga? Juu ya meza yake kulikuwa na simu tele, zilizofumuliwa na zilizo nzima, nyingine zinaita pale pale, na hakuitia laini yangu hata kwenye moja. Hata moja! Fundi mwenye simu zote zile mbele yake, anatibu kwa kutazama jua. Na sisi tunaitikia kwa sababu ana bisibisi mkononi. Akanielekeza kwa rafiki yake mwenye mwamvuli hatua chache mbele. Leo najiuliza walikuwa wanagawana kiasi gani.

Hapa kwenye mwamvuli ndipo nataka usome polepole.

Kijana ana kimashine cha alama za vidole, kimeunganishwa na simu. Nikampa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nikaweka dole gumba. Kikalia ti. "Haijasoma mama, weka tena." Nikaweka. Ti. "Jifute, mikono yenu ya dagaa hii." Nikajifuta kwenye kanga, nikaweka. Ti. "Leta cha shahada." Ti. "Rudi dole gumba." Na kioo cha simu kakigeuzia kwake muda wote, mimi naona mgongo wa simu tu na stika ya timu ya mpira. Nilimwamini kwa sababu vidole vyangu kweli vimechakaa. Ukianika na kugeuza dagaa mchangani miaka na miaka, chumvi na mchanga vinakula alama zote. Hata siku ya kitambulisho cha NIDA vilisumbua. Kwa hiyo nikaona aibu, nikaendelea kumpa vidole. Mtu mzima naomba radhi kwa mtoto anayeniibia.

Sasa jiulize, kama haijasoma, ile ti ni ya nini? Ilikuwa inasoma kila mara. Mara ya kwanza ilikuwa ya laini yangu. Nyingine zilikuwa zake, anasajili laini mpya kwa jina langu nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake.

Halafu likaja la pili, ambalo hata wajanja wa mjini hawalifikirii. Laini ya zamani akaitia mfukoni. "Hii haina kazi tena mama, ikirinyuliwa imekufa." Ni kweli haipigi tena wala haipokei. Lakini majina uliyoyahifadhi kwenye laini yanabaki mle mle, yanasomeka kwenye simu yoyote. Na mimi majina yangu yote nilikuwa nayaweka kwenye laini ili nikibadili simu nisihangaike. Tena nilivyoyaandika, Mungu anisamehe: "Tabora Deni", "Kahama Deni Kubwa", "Dar Kashalipa". Nimemkabidhi mwizi daftari la madeni lililopangwa kwa herufi.

Na kumbuka, laini mpya nayo haikushika! Ile ile, hakuna huduma, maana simu bado inaitafuta Burundi. Kijana akasema, "Subiri masaa ishirini na nne." Nikasubiri, nikasubiri tena. Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, aliichomoa akaitia kwenye kitochi chake cha tochi mbili, meseji zikaanza kumiminika moja juu ya nyingine. Akachukua simu yangu, akaenda mipangilio, mtandao wa simu, chagua mtandao, akarudisha otomatiki. Ikashika. Hakuzungumza hata neno, akarudi kwenye ugali wake.

Nikadhani yameisha. Muda ukapita, mteja wangu wa Tabora ananipigia, "Mama, hela umeiona?" Hela gani? Kumbe kapokea meseji ile mnayoijua wote, ile hela tuma kwenye namba hii. Kila mtu anaicheka ile meseji, hata mimi nilikuwa naicheka. Lakini yeye alikuwa ananidai mzigo na mimi namdai hela kweli, na alipoingiza namba, jina likatokea kabla hajaweka namba ya siri: majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Angeshuku nini? Ningekuwa mimi ningetuma na ya kutolea juu. Akatuma. Hela ilitolewa hapo hapo, na kwenye maandishi mpokeaji ni mimi.

Jaribu kumweleza mtu kwamba jina ni lako, namba si yako, na hela hujaiona. Jaribu. Mwenyewe nilikuwa nikijisikiliza naona naongea kama tapeli. Polisi nilienda, nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, na askari akaniuliza swali moja tu: nani alikushika mkono ukaweka kidole? Tulipatana na yule mteja kwa mimi kubeba hasara, na bado akipiga simu siku hizi ananiuliza kwanza "ni wewe kweli?" Kijana wa mwamvuli? Mwamvuli uliondoka siku nyingi. Fundi yupo, anasema hamjui. Haya.

Kilichonifumbua macho ni *106#. Piga mapema, kabla hujampa mtu yeyote kidole, laini yako ikiwa kwenye simu nyingine inayoshika. Unafuata maelekezo, unaingiza namba yako ya NIDA, zile tarakimu ishirini, inakuletea namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Mimi nilikuta namba nisizozijua, mojawapo ya mtandao ambao sijawahi kununua hata vocha yake. Ukikuta ya namna hiyo, usiipigie kujua ni nani, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho uikane, waiondoe. Na meseji za utapeli, namba iliyotuma ipeleke 15040, usiishie kuipiga picha na kuiweka status.

Kuna mdau kwenye maoni ya juu kakushauri upake mate na usugue laini kwenye suruali. Mwingine kasema petroli. Ndugu zangu, mnaua simu za watu. Laini inafutwa kwa kitambaa kikavu au ufutio wa penseli, kwenye zile sehemu za rangi ya dhahabu, basi. Tena hiyo dawa ni ya ugonjwa mwingine kabisa. Simu ikiandika "weka laini" au "hakuna laini", hapo haioni kadi: uchafu, trei haijakaa, kadi imekatwa kwa mkasi vibaya, au umeitia ndani ya kile kifremu cha kuikuza kikanasa na kukunja meno ya ndani. Ikiandika "hakuna huduma" au "simu za dharura tu", kwa kawaida kadi imeonekana, shida ni kati yake na mtandao. Huyu kasema hakuna huduma. Mate ya nini?

Kwa hiyo wewe: weka hali ya ndege, iondoe, angalia. Bado? Nenda kwenye uchaguzi wa mtandao, hakikisha iko otomatiki. Simu nyingine kwenye ile orodha haziandiki majina, zinaandika tarakimu. Zinazoanza na 640 ni za Tanzania, 642 Burundi, 630 Kongo. Ukikuta imeng'ang'ania 642 na wewe uko Kasulu, umeshapata mchawi wako. Bado haishiki, itie kwenye kitochi. Na chukua laini ya mtu inayofanya kazi uitie kwenye simu yako pia. Ikigoma ya kila mtu, ni simu. Bonyeza *#06#, ile namba ya IMEI, utambulisho wa simu wenye tarakimu 15, itume kwenda 15090 uone kama simu yenyewe ni halali, maana tangu Juni 2016 simu feki zinafungiwa, na hapo utarinyu mpaka uchoke. Na ikiomba PUK, ile namba ya kufungulia laini iliyojifunga, acha kubahatisha kabisa, ukikosea mara kumi kadi imekufa kweli kweli na hapo fundi atakuwa amesema ukweli kwa bahati mbaya.

Lipo jambo moja tu la kukufanya ukimbie badala ya kujaribu taratibu. Kama jirani zako wa mtandao huo huo wanashika vizuri, laini yako haishiki kwenye simu yoyote, na hukuomba kurinyu, inawezekana kuna mtu karinyu kwa niaba yako na sasa hivi anajaribu namba yako ya siri. Azima simu, piga 100 ya huduma kwa wateja, waambie wafunge laini na akaunti ya hela, halafu ndiyo uanze kuuliza maswali.

Na kama kitochi kimekataa na kweli ni lazima urinyu, nenda duka la kampuni lenye mlango na paa. Mwamvuli uupite hata kama foleni dukani ni ndefu. Simama upande unaoona kioo. Ikilia ti, toa mkono, akisema haijasoma mwambie akuonyeshe palipoandikwa haijasoma. Laini ya zamani ondoka nayo, ukaitie moto mwenyewe nyumbani kama unapenda. Kabla hujatoka mlangoni piga *106# ukiwa umesimama mbele yake.

Jioni hii fanya lile la kitochi, halafu rudi hapa uandike maneno yaliyotokea kwenye kioo kama yalivyo, kwenye simu yako na kwenye ile nyingine. Usije ukaandika "imegoma". Imegoma si maelezo.